Padi ya PS2, bodi ya Uno na laptopu isiyoona kitu

Swali: Hujambo mhandisi. Nina padi mbili za kuchezea za PlayStation 2 (PS2) zilizobaki baada ya lenzi ya mashine yangu kufa, nami sitaki zikae bure. Nilinunua bodi ya Arduino Uno (bodi ndogo ya elektroniki unayoipangia programu) pale Luthuli, Nairobi, nikakata kebo ya padi moja, nikaunganisha waya kwenye bredibodi, kisha nikapakia programu niliyoipata kwenye intaneti. Nikibonyeza vitufe, majina yake yanaandikwa vizuri kwenye dirisha la Arduino, lakini nikifungua mchezo wowote kwenye laptopu, mchezo hauoni padi. Isitoshe, mara nyingine vitufe hujibonyeza vyenyewe. Je, niliuziwa bodi bandia? Na je, nitaweza kutumia padi zote mbili, au ni afadhali ninunue adapta iliyotengenezwa tayari? Ni mimi msomaji wako, Kayole.

Jibu: Ndugu yangu wa Kayole, sijambo. Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu bodi: inafanya kile ambacho Uno ya aina hiyo hufanya, iwe ya asili au ya kuigwa. Una matatizo mawili yasiyohusiana, ila kwa kuwa yametokea pamoja yanaonekana kama tatizo moja. La kwanza liko upande wa kompyuta, kwa sababu Uno yako, kwa jinsi ilivyoundwa, haijitambulishi kama padi. La pili liko upande wa padi, kwa sababu volti za Uno na volti za padi hazilingani, na laini ya data inakosa rezista (kipingamizi cha umeme) inayoihitaji. Adapta ni mkalimani aliyeketi kati ya wawili wasioelewana, na mkalimani hupimwa kwa kila lugha peke yake kabla ya kuketishwa kikaoni. Shika jambo hilo katika kazi hii nzima: upande wa padi ujaribiwe peke yake, upande wa kompyuta ujaribiwe peke yake, na pande hizo zisiunganishwe mpaka kila mmoja uwe umethibitika.

Tuanze na kompyuta, kwa kuwa ndiyo iliyokukatisha tamaa. Kwenye Uno ya kawaida (R3 na nakala zake) kuna chipu mbili zinazotuhusu. Kubwa ni ATmega328P, inayoendesha programu yako, na hiyo haina USB ndani yake. Ya pili imekaa karibu na tundu la kebo, na kazi yake ni kupokea USB kutoka kwa laptopu na kuigeuza kuwa mawasiliano ya mfululizo ambayo chipu kubwa inayaelewa. Kwenye Uno nyingi za bei nafuu chipu hiyo ya pili ni CH340, ambayo tabia yake imewekwa kiwandani: ikichomekwa inajitangaza kuwa bandari ya mfululizo, na haijui kujitangaza kwa namna nyingine. Ndiyo maana dirisha la Arduino linaona kila kitu, kwa sababu linasikiliza bandari hiyo, ilhali mchezo hauoni kitu, kwa sababu mchezo hauulizi bandari za mfululizo bali unauliza mfumo wa kompyuta kama kuna padi. Kwenye Uno ya asili chipu ya pili ni ATmega16U2, nayo inaweza kupakiwa programu nyingine ili ijitangaze kama padi, lakini ukishafanya hivyo utalazimika kuirudisha ilivyokuwa kila unapotaka kupakia programu mpya kwa njia ya kawaida. Njia hiyo ipo, ila sikushauri uifuate.

Kompyuta hutambua kibodi, kipanya na padi kwa kanuni moja iitwayo HID, ambayo ni sehemu ya USB tangu miaka ya 1990. Kifaa kinapochomekwa, kinatuma kwanza maelezo yake: kwamba kina vitufe kadhaa, kila kimoja kikichukua biti moja (sifuri au moja), na kina vijiti vyenye mihimili minne, kila mhimili ukichukua baiti moja (biti nane). Kuanzia hapo kifaa hutuma ripoti fupi zinazofuata mpangilio huo huo, na Windows au Linux huzisoma bila kuhitaji draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya pekee. Kwa hiyo unachohitaji ni bodi ambayo chipu yake kuu ina USB ndani, ili programu yako wewe ndiyo iandike maelezo hayo.

Bodi za namna hiyo zinazopatikana kwa urahisi Nairobi ni za familia mbili. Ya kwanza ni Arduino Leonardo na ndugu yake mdogo Pro Micro, zinazotumia ATmega32U4, na zina maktaba ya Joystick ambayo ni rahisi sana kwa anayeanza. Ya pili ni Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 ikiwa na chipu ya RP2040. Kwa kazi yako ningechagua Pico bila kusita. Ilitangazwa kwa dola 4 za Marekani, na hata baada ya usafiri na faida ya duka bado ni miongoni mwa bodi nafuu. Lakini sababu yangu kubwa si bei. Pico hufanya kazi kwa volti 3.3, na padi ya PS2 vilevile hufanya kazi kwa volti hizo, kwa hiyo nusu ya tatizo lako la pili inaondoka papo hapo. Ukipendelea Pro Micro, uliza kama ni ile ya volti 3.3 inayokwenda kwa megahezi 8 au ni ya volti 5 inayokwenda kwa megahezi 16, kwa sababu kwa macho hazitofautiani sana.

Huenda huna pesa za bodi nyingine mwezi huu, nawe ungependa kuendelea na Uno uliyo nayo. Inawezekana: acha Uno itume hali ya vitufe kwenye bandari ya mfululizo, kisha andika programu ndogo kwenye laptopu inayosoma bandari hiyo na kuunda padi ya kubuni ndani ya mfumo. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa kupitia uinput, na Python inaifikia vizuri. Kwenye Windows watu wengi hutumia vJoy. Hata hivyo, usitume maneno. Kwa kasi ya 9600, bandari hupitisha herufi 960 kwa sekunde, kwa hiyo sentensi ya herufi 20 inachukua takriban milisekunde 21, ilhali mchezo unaokwenda kwa picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Mchezaji wako atachelewa, nawe utailaumu padi bure. Panga kasi iwe 115200 na utume baiti zenyewe, ndipo ripoti nzima itapita kwa chini ya milisekunde moja. Kasoro ya njia hii ni kwamba adapta haitafanya kazi kwenye kompyuta ya rafiki yako mpaka naye aweke programu hiyo.

Sasa tugeukie padi, kwa kuwa huko ndiko kuliko na mengi ya kujifunza. Kiunganishi cha padi ya PS2 kina pini tisa, na mpangilio wake ni ule ule wa PlayStation ya kwanza ya 1994. Pini ya 1 ni data inayotoka kwenye padi, ya 2 ni amri zinazoingia, ya 3 ni umeme wa mota za mtetemo, ya 4 ni graundi, ya 5 ni umeme wa volti 3.3, ya 6 ni laini ya kuchagua padi, ya 7 ni mapigo ya saa, ya 8 haitumiki, na ya 9 ni laini ambayo padi huitumia kukiri kwamba imepokea baiti. Katika padi za Sony rangi za waya hufuata utaratibu unaojulikana, lakini padi za kuigwa ni nyingi mjini na rangi zake hazifuati chochote. Kwa hiyo usiunganishe waya wowote kabla ya kupima kwa mita kutoka kwenye pini hadi kwenye ncha uliyoikata. Pini ya 3 iache bila kuunganishwa kwa sasa. Kwenye mashine yenyewe pini hiyo hupewa umeme wa volti 7 na zaidi, padi hucheza vizuri bila mtetemo, na waya mmoja uliogusana vibaya hapo unaweza kupiga shoti itakayoua padi na bodi kwa pamoja.

Vitufe vyako vinajibonyeza vyenyewe kwa sababu inayoeleweka kabisa. Laini ya data ya padi ni ya aina inayojua kuvuta chini tu: padi ikitaka kusema sifuri inaivuta laini hadi graundi, na ikitaka kusema moja inaiachilia, ikitarajia kwamba rezista iliyo upande wa mashine itaipandisha. Wewe hukuweka rezista hiyo, kwa hiyo laini ikiachiliwa inaelea, na waya mrefu wa bredibodi unaokota kelele kutoka kwenye waya za jirani. Kumbuka pia kwamba katika padi hizi sifuri ndiyo alama ya kitufe kilichobonyezwa. Kila laini inapochelewa kupanda, programu yako inasoma sifuri, na mchezaji anaruka bila kuambiwa.

Volti za Uno zinaongeza ubaya huo. Chipu ya ATmega328P inayotumia volti 5 huahidi kusoma moja pale tu volti zinapofika asilimia 60 ya umeme wake, yaani volti 3.0, ilhali padi hata ikifanya vizuri kabisa inafikisha 3.3. Nafasi iliyobaki ni volti 0.3, na mguso hafifu wa bredibodi unaweza kuila yote. Upande wa pili, Uno inasukuma volti 5 kwenye laini za amri, kuchagua na mapigo, ambazo padi inazitarajia ziwe 3.3. Najua wako waliofanya hivyo na padi zikavumilia, lakini padi halisi ya Sony ni kitu ambacho hakitengenezwi tena. Uzalishaji wa PS2 wenyewe ulikoma kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013. Ichunge. Ukibaki na Uno, weka kwenye kila laini inayoingia kwenye padi rezista mbili, ya kilo-omu 1 kutoka Uno hadi padi na ya kilo-omu 2 kutoka hapo hadi graundi, nazo zitashusha volti 5 hadi takriban 3.3. Ukihamia kwenye Pico, rezista hizo za kugawa volti hazihitajiki, lakini ile ya kupandisha data bado inahitajika: weka kati ya kilo-omu 1 na 4.7 kutoka laini ya data hadi volti 3.3, na nyingine kama hiyo kwenye laini ya kukiri. Usitegemee rezista za ndani ya chipu, kwa kuwa za Pico ni kati ya kilo-omu 50 na 80, na hizo ni dhaifu mno kwa kasi hii. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya umeme na graundi, karibu na soketi ya padi, ni ya bei ya peremende na inasaidia sana.

Mazungumzo na padi yanafuata utaratibu ambao wahandisi huuita SPI, wenye tofauti ndogo. Laini ya mapigo hukaa juu wakati wa kupumzika, biti hubadilishwa pigo linaposhuka, husomwa pigo linapopanda, na katika kila baiti biti ndogo hutangulia. Unashusha laini ya kuchagua, unatuma 0x01 (alama ya 0x huonyesha namba iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita), kisha 0x42, kisha sifuri mpaka mwisho. Wakati huo huo padi inajibu: 0xFF kwanza, halafu namba ya utambulisho ambayo ni 0x41 ikiwa vijiti havitumiki au 0x73 ikiwa taa ya Analog imewaka, halafu 0x5A, halafu baiti mbili za vitufe, na kama vijiti vinatumika zinafuata baiti nne: kijiti cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Baiti hizo tisa kwa kasi ya kilohezi 250 huchukua takriban mikrosekunde 288, na ukiongeza mapumziko mafupi kati ya baiti bado hufiki milisekunde moja. Mapumziko hayo usiyaruke, hasa kwa padi zisizo na waya, ambazo huhitaji muda zaidi kabla ya kuwa tayari.

Kuna mtego hapa ambao umewapotezea wengi muda. Kifaa cha SPI kilicho ndani ya RP2040 hutanguliza biti kubwa tu, wala hakuna mpangilio wa kukigeuza, kwa hiyo lazima programu yako igeuze kila baiti kabla ya kuituma na baada ya kuipokea. Usipogeuza, 0x01 inaifikia padi ikiwa 0x80. Padi inaona si yenyewe inayoitwa na inanyamaza, nawe unapata 0xFF tupu mpaka unadhani waya umekatika. Ukigeuza wakati wa kutuma na ukasahau kugeuza wakati wa kupokea, hapo mambo ni magumu zaidi kuyatambua, kwa sababu 0x42 na 0x5A zikigeuzwa hubaki zile zile. Utaiona 0x5A mahali pake na kuridhika kwamba kila kitu ni sawa, huku kitufe cha Pembetatu kikionekana kama R1 na Select ikionekana kama Kushoto. Hakikisha kwa namba ya utambulisho: 0x41 iliyogeuzwa vibaya huwa 0x82, na 0x73 huwa 0xCE. Ukiona mojawapo ya hizo, umeshajua kosa liko wapi. Kama hutaki kushughulika na hilo, sogeza laini mwenyewe kwa programu ya kawaida, juu na chini, kwa kuwa kasi ya kilohezi 250 si mzigo kwa Pico.

Upande wa padi hautakuwa umethibitika mpaka uweze kushika padi bila kubonyeza kitu kwa dakika kadhaa, ukitikisa waya polepole, na baiti za vitufe zibaki 0xFF na 0xFF muda wote. Zikibadilika hata mara moja, usisonge mbele. Ukifika hapo, toa kila kitu kwenye bredibodi na ukilehemu kwenye bodi ya matundu; kwa risasi ya 60/40, chuma cha kulehemu cha nyuzi joto 350 kinatosha, na dirisha liwe wazi kwa sababu ya moshi.

Upande wa kompyuta uujaribu bila padi kabisa. Pakia kwenye Pico programu inayojitangaza kama padi na kubonyeza kitufe cha kwanza kila sekunde yenyewe. Ili kuipakia, shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, na Pico itatokea kama diski ndogo iitwayo RPI-RP2, ambayo unaidondoshea faili la programu la aina ya UF2. Isipotokea, shuku kebo kabla ya kushuku bodi, kwa maana kebo nyingi za simu zinazouzwa stejini ni za kuchaji tu na hazina waya za data. Kwenye Windows fungua joy.cpl, kwenye Linux tumia evtest, nawe utaona kitufe kikiwaka na kuzimika bila mkono wa mtu. Vitufe vinne vya mwelekeo viandikwe kama kile ambacho HID hukiita kofia (hat) ya mielekeo minane, ambapo sifuri ni juu na namba zinaongezeka kwa mzunguko wa kulia hadi 7, na thamani iliyo nje ya hizo ina maana kwamba hakuna kilichobonyezwa. Vijiti vya zamani mara chache hutulia kwenye 128 hasa, ambayo ndiyo katikati, kwa hiyo acha eneo dogo katikati ambalo programu inalichukulia kuwa ni utulivu.

Bado unaweza kukuta joy.cpl inaona padi na mchezo hauioni. Hiyo si kasoro ya kazi yako. Michezo mingi mipya ya Windows husikiliza XInput peke yake, utaratibu uliokuja na padi za Xbox 360, na padi ya HID ya kawaida haimo humo. Ukicheza kupitia Steam (programu ya kununulia na kuendeshea michezo), Steam yenyewe inaweza kutafsiri. Ukiamua kuandika adapta inayojitangaza kwa XInput, kumbuka kwamba huko kusukuma kijiti juu ni namba chanya, ilhali padi ya PS2 na HID huanza sifuri kwa juu, kwa hiyo mhimili wa wima lazima ugeuzwe.

Uliuliza kama ni afadhali kununua. Ikiwa haja yako ni kucheza mpira na ndugu zako Jumamosi hii, nunua adapta ya duka na usione aibu, kwa kuwa ni nafuu na nyingi zinafanya kazi. Lakini wewe umeshakata kebo, umeshasoma vitufe, na umeuliza kwa nini vinajibonyeza. Mtu wa namna hiyo ningependa kumwona akimaliza, kwa sababu volti, rezista ya kupandisha na maelezo ya HID utakavyojifunza hapa ndivyo hivyo hivyo utakavyovikuta kwenye vipima joto, visoma kadi na vifaa vingine vingi.

Padi ya pili usiikate. Tafuta kwa mafundi wa PS soketi ya padi kutoka kwenye mashine iliyokufa. Ile ya PS2 hutoka ikiwa na nafasi mbili, na hivyo padi zako zitaweza kuchomoka. Data, amri, mapigo na kukiri vinaweza kutumiwa kwa pamoja na padi zote mbili, kama ilivyo kwenye mashine yenyewe, mradi kila moja iwe na laini yake ya kuchagua, na programu isishushe laini zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa kompyuta, jitangaze kwa violesura viwili vya HID, kila kimoja na padi yake, badala ya kurundika vitufe vya wachezaji wawili kwenye ripoti moja. Na unapobadilisha maelezo hayo wakati wa majaribio, badilisha pia namba ya bidhaa ya USB kwenye programu yako, kwa sababu Windows huhifadhi jina na marekebisho ya vijiti kwa namba hiyo, na inaweza kuendelea kukuonyesha padi ya jana.